Historia ya Odell Prewitt, Tuliyemwita Ndoo

Mchungaji, mama yangu Vashti Rainey uliyekaa kiti cha mbele, Ardis na Lyman watoto wa marehemu, wazee wa kiwanda mliokuja na mikongojo yenu, na ninyi nyote mliojaza kanisa hili la Mlima Nebo katika joto hili la Agosti, mimi Wendell Rainey nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya Odell Prewitt, mume wa shangazi yangu na mtu aliyenilea, na naomba mapema mniwie radhi, kwa sababu ninachosoma si kile kijitabu mlichogawiwa mlangoni. Kile cha mlangoni kina picha nzuri na tarehe zake zote ni sahihi, lakini kuna ukurasa mmoja ambao marehemu mwenyewe aliagiza usomwe mbele ya watu, nami nimeutia mahali pake.

Odell Prewitt alizaliwa tarehe 14 Machi 1926, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye Mtaa wa Tatu, upande wa chini wa reli, hapa Kellum, Alabama, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu Amos Prewitt, aliyekuwa mmimina chuma katika kiwanda cha mabomba, na marehemu Zelma, aliyefua na kupiga pasi nguo za nyumba kubwa za upande wa juu. Katika wale wanne, wawili hawakufika umri wa kwenda shule, na huyu wa mwisho alikuwa mdogo kiasi kwamba bibi yake alimweka karibu na jiko kwa wiki tatu, akimkandakanda mikono na miguu ili damu itembee, mikono ambayo baadaye, kama mnavyokumbuka, ilikuwa mikubwa kama sinia.

Alianza masomo Septemba 1932 katika shule ya watoto weusi iliyokuwa nyuma ya kanisa hili hili, akasoma hadi darasa la nane, akaacha Mei 1940, si kwa uvivu wala utundu, bali kwa sababu mapafu ya baba yake yalikuwa yamejaa vumbi la mchanga wa kumiminia na nyumba ilihitaji mtu wa kuleta mkate. Ardis bado anayo karatasi ya mwalimu wake wa mwisho, aliyeandika kwamba mtoto huyu haongei sana, lakini hakuna kinachompita machoni, na naomba mlishike neno hilo kwa sababu tutalirudia.

Aliingia kiwandani Januari 1943, akaitwa jeshini mwaka uliofuata, akapakua meli kule Ufaransa mpaka 1946, akarudi Kellum na kikohozi na jozi ya buti nzuri, akapokelewa tena kwenye tanuri lile lile. Mwaka huo huo alichaguliwa kuichezea timu ya besiboli ya kiwanda, akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya chuma, ambaye katika uwanja mzima ndiye pekee anayewatazama wenzake wote usoni. Mrushaji wa timu hiyo alikuwa Cleophus Rainey, baba yangu, ambaye sikupata kumwona. Walikuwa pete na kidole, kazini kwenye tanuri moja, Jumamosi uwanja mmoja, Jumapili benchi moja la kanisa, na ilipojulikana kwamba Odell anamwandikia barua Idella, dada mdogo wa Cleophus, baba yangu alimsimamisha mbele ya timu nzima akamwambia, "Mipira yangu yote umedaka, nikanyamaza, sasa unataka kudaka na dada yangu?" Odell, ambaye maneno hayakuwa kazi yake, alijibu, "Dada yako harushi vibaya kama wewe," na wazee wanasema hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi waliyomsikia akiitamka mwaka ule.

Alifunga ndoa na Idella Rainey Jumamosi tarehe 12 Juni 1948, mbele ya madhabahu hii, Cleophus akiwa msimamizi wake. Walijaliwa watoto wawili, Ardis, aliyezaliwa 2 Aprili 1949, na Lyman, aliyezaliwa 30 Septemba 1953, na waliishi pamoja miaka hamsini na mitano, mpaka shangazi Idella alipotutoka tarehe 9 Novemba 2003.

Sasa nafika kwenye ukurasa wenyewe, ambao ni wa Jumamosi tarehe 11 Agosti 1951. Mnaijua siku hiyo, au mnadhani mnaijua, kwa sababu mpira wake umo kwenye kisanduku cha kioo pale ukumbini kwetu, na kila mwaka mwezi huu mnacheza mechi ya kumkumbuka Cleophus Rainey, aliyewarushia timu ya mgodi wa Dossett zamu zote tisa za mchezo bila hata mpigaji mmoja kuupiga mpira akafika kituo cha kwanza, kisha akafariki kesho yake akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kibao kilicho chini ya mpira kinasema alikufa kwa moyo, nasi tumelikuza neno hilo miaka nenda miaka rudi, tukawaambia watoto wetu kwamba moyo wake ulijaa furaha ukapasuka. Haukupasuka.

Wazee mnaijua mila, vijana niwaeleze kwa kifupi. Mrushaji akiwa katika mchezo wa namna ile, ambao hajapigwa hata mara moja, haongeleshwi, hakuna anayetaja kinachoendelea, hakuna anayekaa karibu naye benchini, na kila kitu kilichopo mahali kinabaki mahali pake, magongo, kofia, glovu, hadi mwisho, maana kukisogeza ni kuifukuza bahati. Tangu zamu ya nne wenzake walianza kumkwepa baba yangu kama mtu mwenye ndui, kwa mapenzi, kwa heshima, kwa kumtakia mema. Na siku hiyo lami ya Mtaa wa Tatu ilikuwa inanata kwenye viatu, wachezaji wamevaa sare za sufu nzito zilizonunuliwa kabla ya vita, na ndoo ya maji ilikuwa mwisho wa benchi upande wa kulia, penye kivuli pekee kilichokuwepo, na Cleophus alikuwa mwisho wa kushoto, juani, kwa sababu ndipo alipokaa zamu ya kwanza. Hakuna aliyetaka abadilishe, na yeye mwenyewe hakusogea, kwa kuwa aliiamini mila ile kuliko wote.

Kulikuwa pia na Mzungu mmoja mwenye kofia ya majani, aliyesemekana ametumwa na klabu kubwa ya kaskazini kuja kumtazama Cleophus, wakati ambao milango ya klabu hizo ilikuwa imeanza kufunguka kidogo kwa watu wetu, na kila mtu uwanjani alijua kwamba mchezo ule ukikamilika huenda Cleophus asimimine chuma tena maishani mwake. Wengi humu bado mnasimulia jinsi Mzungu yule alivyosimama akapiga makofi mwishoni. Odell, aliyekuwa akiwatazama wote usoni, aliniambia kwamba kiti kile kilikuwa kitupu tangu zamu ya tano, bwana yule alikuwa amewahi treni.

Zamu ya sita, Odell aliona kwamba Cleophus ameacha kutoka jasho. Zamu ya saba, alimwonyesha kwa vidole aina ya mpira wa kurusha, Cleophus akaitikia kwa kichwa kisha akarusha mwingine kabisa, mara mbili, na mara ya pili alikuwa anatabasamu bila kumtazama mtu. Walipokwenda kukaa, Hosea Binion, aliyecheza kituo cha pili na ambaye wengi mlimzika mwaka 1988, alichota kata ya maji akamnong'oneza Odell, "Huyu mtu kakauka, shika mpelekee, wewe ni shemeji yake." Odell akamjibu, na haya ndiyo maneno yake, aliyaandika mwenyewe kwa penseli ili nisije nikayalainisha, "Rudisha hiyo kata, na ndoo usiiguse, iache hapo hapo. Zimebaki zamu mbili. Ukiisogeza tukapigwa, utamtazama vipi?" Hosea akairudisha kata ndooni.

Mpigaji wa mwisho wa Dossett aliupiga mpira ukapaa juu nyuma yake, na Odell akatupa barakoa, akaukimbilia, akaudaka mwenyewe kabla haujagusa chini, mchezo ukaisha, ndio huo mnaouona kwenye kioo. Watu wakamiminika uwanjani. Odell alikuwa wa kwanza kumfikia baba yangu, akamkumbatia, na alipomgusa shingo aliisikia ngozi kavu na ya moto, kama bomba lililotolewa kwenye kalibu dakika hiyo. Cleophus alimwambia, "Odell, nimewakosea nini, mbona leo hamniongeleshi?" Odell akacheka. Alidhani ni mzaha, kwa sababu kati yao wawili kila kitu kilikuwa mzaha, na alikuwa bado anacheka wakati magoti ya mwenzake yalipolegea.

Alipakiwa kwenye gari la mwenye duka la dawa, hospitali iliyokuwa karibu haikupokea weusi, wakaenda mwendo wa maili thelathini na mbili hadi ile iliyopokea, na Cleophus Rainey alifariki Jumapili tarehe 12 Agosti, saa mbili asubuhi, bila kusema neno jingine. Daktari aliandika joto, sisi tukaandika moyo. Mama yangu alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa na mimba ya miezi minne, yangu.

Odell hakuvaa tena glovu. Tulidhani ni msiba, na ulikuwa msiba, lakini hatukujua wa namna gani. Alirudi kazini Jumatano, na kuanzia Jumatano hiyo, mapumziko yake yote aliyatumia kuzunguka na ndoo na kata, tanuri hadi tanuri, akisimama mbele ya kila mtu mpaka amemwona akimeza, miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu 31 Desemba 1988, bila kutumwa na mtu. Wazee mlimcheka, semeni kweli. Mlimwita Ndoo, mkamwambia, "Ndoo, leo utatuzamisha," mkamuuliza kama mkewe amemfukuza au amemgeuza punda wa maji, na yeye alijikaza kisabuni, akangoja mcheke mpaka mchoke, kisha akawanyooshea kata. Jina hilo mlimpa ninyi, nasi watoto tukalirithi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza lilianzia wapi.

Mwaka 1952 alihamia nyumba inayopakana na yetu, akanilea pamoja na wanawe bila kubagua, akanifundisha kunoa kisu, kufunga tai na kuendesha gari, akanilipia chuo mpaka nikawa mwalimu wa hesabu. Nilipocheza besiboli shuleni aliniletea maji hadi getini na akageuka kurudi kabla mchezo haujaanza, na jioni nikirudi hakuuliza hata siku moja kama tumeshinda, aliuliza, "Ulikunywa?" Na kila Jumapili, baada ya ibada, alivuka ua na glasi ya maji yenye barafu, akampa mama yangu mkononi, ndipo akamsalimu, kwa hiyo mimi nilikua nikidhani hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyosalimiana.

Kuugua kwake kulianza Oktoba 2012, figo zilipochoka, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na madaktari wakamwekea kipimo cha maji, vikombe viwili tu kwa siku nzima, yeye kati ya watu wote. Ardis alilia mbele ya daktari kwa ajili ya vikombe hivyo. Marehemu hakunung'unika, alisema neno moja, "Sawa," na sisi tukamsifu kwa uvumilivu.

Jumamosi tarehe 12 Julai mwaka huu aliniita kitandani akanisimulia haya niliyowasomea, kuanzia jasho la zamu ya sita mpaka kicheko, akanipa ile karatasi ya penseli, akasema, "Mimi nikifa uisome kanisani, Vashti akiwepo. Nimejaribu kumwambia kila Jumapili, nikifika mlangoni mdomo unakataa, natoa maji." Sitaki kujipamba mbele ya sanduku lake, nilikasirika, nilimwambia kwamba angenipa baba kwa kata moja ya maji, nikatoka, na kwa siku tisa sikumwongelesha. Siku tisa, mtu wa miaka themanini na minane. Nilirudi siku ya kumi, nikakaa, nikamshika mkono, tukaongea habari za mvua. Odell Prewitt alifariki Jumapili tarehe 3 Agosti 2014, saa nne asubuhi, Ardis, Lyman na mimi tukiwa kando yake.

Sikuweza kumwacha mama yangu aisikie habari hii kwa mara ya kwanza hapa, mbele ya kofia zenu zote hizi, hivyo juzi Alhamisi nilikwenda jikoni kwake nikamsomea ukurasa mzima. Alikuwa anamenya kunde, na hakuacha kumenya. Nilipomaliza alisema, "Hosea aliniambia mwezi ule ule, wewe hata hujazaliwa." Nilimuuliza kwa nini basi hakusema chochote, na mama yangu, ambaye ana miaka themanini na mitano na hana mazoea ya kupandisha sauti, alisema, "Miaka sitini na tatu mtu ananiletea maji kila Jumapili, wewe ulidhani sijui nakunywa nini? Nilikuwa namngoja aseme. Yeye ananiogopa, mimi namngoja. Ningemsamehe wewe hujaota hata meno, angefungua mdomo tu." Akamenya kunde mbili tatu, kisha akasema, "Sasa nimsamehe nani, Wendell, sanduku?"

Nawasomea kwa sababu marehemu aliagiza, na kwa sababu mji huu umejizoesha kukaa kimya kwa mapenzi, tukaita ni heshima, na nimehesabu, kama ilivyo kazi yangu, kwamba kimya hicho kilimchukua baba yangu kwa saa tatu na kikamla Odell kwa miaka sitini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, vitukuu wanane, shemeji mmoja, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kumi na kumwita Bwana Prewitt kila mara, majirani wa Mtaa wa Tatu waliopokezana kumpeleka na kumrudisha, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda waliochimba kaburi kwa mikono yao ingawa hawana tena umri wa kuchimba, kina mama wa kanisa ambao jiko lao halijazimika tangu Jumapili, na wewe Mchungaji, ambaye ulisoma ukurasa huu kabla yangu na hukuniambia nipunguze kitu.

Tuna maombi mawili. La kwanza, kibao kilicho chini ya mpira kibadilishwe, kiandikwe joto, kama daktari alivyoandika. La pili ni la leo, kwamba kabla ya kwenda makaburini ndoo itapitishwa kila benchi, hata kama Mchungaji anaomba, hata kama watu wanaimba, na tafadhali kila mtu anywe, na ukimwona jirani yako amekauka usingoje ndoo ifike, inuka umfuate.

Odell, ulitaka yasemwe Vashti akiwepo, na yamesemwa. Nilimuuliza asubuhi hii tulipokuwa tunavaa kama ana neno la kukuambia, akaniambia niandike kwamba amesikia. Lala, Mjomba, upumzike.